Hari, Kazi na Hazina ya Gesi

Mtu aketiye kivulini kwa fundi wa baiskeli, akimtazama anavyotia upepo gurudumu, huona jambo ambalo wengi hulipita bila ya kuliuliza. Fundi hupiga pampu mara ishirini au thelathini, na mtu akiigusa ncha ya chini ya pampu ile, pale ulipoungwa mpira, huikuta imepata moto, ilhali haikuanikwa juani wala haikukaribishwa makaa. Jibu jepesi la watu ni kwamba moto huo umeletwa na msuguano wa ngozi ya ndani na chuma. Jibu hilo lina sehemu ya ukweli, lakini si sehemu iliyo kubwa, na burhani yake yapatikana papo hapo: chomoa mpira katika gurudumu, upige pampu ikitoa hewa nje bila ya kizuizi, kwa kasi ile ile na kwa idadi ile ile, msuguano utakuwa karibu na ule wa awali, walakini pampu haitapata moto wa kulinganishwa na ule wa kwanza. Basi kilichoitia moto ni hewa iliyoshindiliwa, na aliyeishindilia ni mkono wa fundi.

Kutokana na hayo huzuka swali ambalo makala haya yanakusudia kulichambua tangu shina lake hata matawi yake: mkono ule umetia nini ndani ya hewa, na hicho kilichotiwa, je, ni hari, ni kazi, au ni kitu cha tatu kisichokuwa hari wala kazi?

Kabla ya kujibu, yatupasa kutenganisha maneno, kwa kuwa katika mlango huu wa elimu neno moja limebebeshwa mizigo mitatu. Twasema joto la maji tukikusudia kadiri isomwayo katika kipimajoto. Twasema joto la jua tukikusudia kile kitokacho juani kikatufikia. Na twasema maji yana joto tukikusudia kitu kilichohifadhiwa ndani ya maji yenyewe. Nyumbani na sokoni mchanganyiko huo hauna madhara, kwa sababu msikilizaji hufahamu muradi wa msemaji. Lakini katika elimu ya gesi ndio chanzo cha makosa mengi ya wanafunzi. Kwa hiyo hapa halijoto itakuwa kadiri isomwayo katika kipimajoto. Hari itakuwa nishati inayopita kutoka kitu kimoja hadi kingine kwa sababu ya tofauti ya halijoto baina yao. Na nishati ya ndani itakuwa ile hazina ambayo gesi inayo wakati wowote, ipate hari isipate. Kazi nayo ni nishati inayopita kwa msukumo na mwendo: bamba la pistoni likisogea huku likisukumwa na gesi, gesi imefanya kazi, likisogea kwa kuishindilia gesi, gesi imefanyiwa kazi.

Gesi tutakayoizungumzia ni ile iitwayo gesi kamilifu. Katika gesi hiyo molekuli huenda mbio kila upande, hugongana na kuta na kugongana zenyewe, lakini hazivutani wala hazisukumani zikiwa mbalimbali, na nafasi zinayoichukua zenyewe ni ndogo hata haihesabiki. Gesi ya namna hiyo kwa ukamilifu wake haiko duniani, lakini hewa tuivutayo, katika kanieneo ya kawaida, huikaribia mno. Kanuni yake ilikusanywa kidogo kidogo: Robert Boyle mwaka 1662 alionyesha kuwa kanieneo huongezeka kwa kadiri ujazo unavyopungua, halijoto ikidumu, Gay-Lussac mwaka 1802 alieneza habari za namna gesi zote zinavyotanuka sawasawa kwa kupashwa moto, na Clapeyron mwaka 1834 akaziunga kanuni hizo kuwa moja: kanieneo mara ujazo ni sawa na kiasi cha gesi mara namba moja isiyobadilika mara halijoto, halijoto ikihesabiwa tangu sifuri ya mwisho ya baridi, ambayo ni nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Kwa moli moja ya gesi, namba hiyo isiyobadilika ni jouli 8.314 kwa kila kelvini.

Kanuni hiyo yaeleza hali ya gesi, lakini haielezi gharama ya kuitoa gesi katika hali moja na kuitia katika nyingine. Gharama hiyo haikufahamika mpaka itikadi moja ya zamani ilipovunjwa. Wataalamu wa karne ya 18, na Lavoisier mmoja wao, walishika kwamba hari ni kimiminiko chepesi kisicho na uzito, kinachoingia katika vitu vikapata moto na kutoka vikapoa, wala hakiumbwi wala hakiangamii. Itikadi hiyo ilieleza mengi kwa uzuri, na kwa hiyo ikadumu. Aliyeitikisa ni Rumford, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa akisimamia karakana ya silaha huko Munich. Mwaka 1798 alitoa habari ya mizinga iliyokuwa ikitobolewa kwa keekee butu iliyozungushwa kwa nguvu za farasi, mzinga umezamishwa katika maji. Na baada ya saa mbili na nusu maji yale yalichemka pasipo moto wowote, mbele ya watu waliostaajabu. Maadamu farasi wanaendelea kuzunguka, hari yaendelea kutoka, haina kikomo. Na kitu kisicho na kikomo hakiwezi kuwa kimiminiko kilichowekwa akiba ndani ya chuma.

Baada yake walitokea wawili ambao kila mmoja alikuwa nje ya mlango rasmi wa elimu hii. Wa kwanza ni Julius Robert Mayer, tabibu wa Heilbronn, aliyesafiri kwa jahazi kubwa la Kiholanzi hadi kisiwa cha Java mwaka 1840. Alipowatoa damu mabaharia huko, aliona damu ya vena zao ni nyekundu kuliko alivyozoea kuiona Ulaya, akakisia kwamba katika nchi ya joto mwili hauhitaji kuchoma chakula kingi ili uhifadhi halijoto yake. Kutoka hapo akaingia katika fikira pana zaidi, kwamba hari na kazi ni sarafu mbili za thamani inayobadilishana, na mwaka 1842 akaitaja kadiri ya mabadilishano hayo. Njia aliyoipita ilikuwa ya gesi tupu: alijua kwamba hewa iliyoachwa itanuke huhitaji hari nyingi zaidi ili ipande digrii moja kuliko hewa iliyofungiwa isitanuke, akasema kwamba hari ile ya ziada imelipia kazi ya kutanuka. Alipata kwamba hari ya kupasha maji digrii moja ni sawa na kazi ya uzito uo huo kuanguka kutoka mita 365. Leo twajua ni mita 427 hivi. Taksiri hiyo haikuwa ya fikira, ilikuwa ya vipimo vya gesi vilivyokuwapo siku zile.

Lakini hoja ya Mayer ilisimama juu ya nguzo moja iliyohitaji kuthibitishwa. Huenda mtu akauliza: je, gesi inapotanuka, hari ile ya ziada haikutumika kuzitenga molekuli zenyewe, kama mtu atumiavyo nguvu kuutandaza mpira unaovutika? Ikiwa ndivyo, basi sehemu ya hari imebaki ndani, haikulipia kazi. Aliyelijibu swali hilo kwa vyombo ni James Prescott Joule, mwana wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford. Mwaka 1845 alitwaa vyombo viwili vya shaba vilivyoungwa kwa bomba lenye koki, kimoja amekijaza hewa kwa kanieneo ya kama mara 22 ya hewa ya nje, na cha pili amekitoa hewa yote. Akavizamisha vyote katika maji, akafungua koki. Hewa ikaruka kuingia penye utupu, ikatanuka bila ya kusukuma kitu chochote. Na kipimajoto, kilichosomwa kwa uangalifu mkubwa, hakikuonyesha badiliko. Alipotia kila chombo katika maji yake mbali, kile kilichotoa hewa kilipoa na kile kilichopokea kilipata moto kwa kiasi cha karibu kulingana, hata jumla ikawa si kitu. Maana yake ni kubwa: nishati ya ndani ya gesi haikubadilika kwa sababu tu ya kupata nafasi kubwa. Katika gesi kamilifu nishati ya ndani hutegemea halijoto peke yake.

Huyo huyo Joule, kwa miaka mingi, aliacha uzito ushuke na kuzungusha makasia madogo ndani ya maji, akapima moto uliotokea. Na mwaka 1850 akatangaza kwamba ratili 772 zikishuka futi moja zatosha kupandisha ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Fahrenheit. Hesabu za leo husema 778. Katika mwaka uo huo Clausius alizipanga fikira hizi katika kanuni moja, akaipa ile hazina ya ndani nafasi yake katika hesabu. Kanuni yenyewe ni fupi: badiliko la nishati ya ndani ni sawa na hari iliyoingia, ukitoa kazi iliyofanywa na gesi. Kwa herufi huandikwa ΔU = Q − W. Ajihadhari msomaji hapa, kwani vitabu vya kemia aghalabu huihesabu kazi iliyofanyiwa gesi, na alama ya kutoa hugeuka kuwa ya kujumlisha. Hizo si kanuni mbili, ni desturi mbili za kuandika; mwenye kuchanganya desturi hizo katika hesabu moja hujikuta ameipa gesi kile ambacho imekitoa.

Sasa twaweza kumrudia fundi wa baiskeli. Mkono wake haukutia hari katika hewa, maana hewa ile haikugusana na kitu chenye moto kuliko yenyewe. Mkono ulifanya kazi. Mpira ukigonga ukuta uliosimama hurudi kwa kasi isiyozidi ile uliyokuja nayo, lakini ukikutana na mguu unaoujia hurudi kwa kasi kubwa zaidi. Ndivyo molekuli za hewa zinavyogongwa na pistoni inayozijia, kila moja ikaongezewa mwendo, na mwendo wa molekuli ukiongezeka halijoto imepanda. Kwa hesabu ya gesi kamilifu, hewa ya nyuzi 27 ikishindiliwa ghafula hadi nusu ya ujazo wake, kabla haijapata wasaa wa kutoa hari, hufika nyuzi 123, kupita maji yanayochemka. Hari huja baadaye: ni ile inayopita kutoka hewa iliyopata moto kuingia katika chuma baridi, hata kidole kikaihisi. Kwa hiyo katika pampu kazi iliingia, hazina ikaongezeka, kisha hari ikatoka. Mambo matatu, kila moja kwa zamu yake na kwa jina lake.

Ili tuone uzito wa kanuni hii, tutwae moli moja ya hewa kavu kwa nyuzi 27, yaani kelvini 300, tuipe safari moja tu, ya kuongeza ujazo wake mara mbili, lakini tuipitishe katika njia nne.

Njia ya kwanza ni kuipasha moto huku kanieneo ikidumu, pistoni ikiachwa ipande kwa uhuru na mzigo wake ule ule. Ili ujazo uwe mara mbili, halijoto nayo lazima iwe mara mbili, kelvini 600. Kazi iliyofanywa ni jouli 2,494. Nishati ya ndani imeongezeka jouli 6,236. Na hari iliyohitajika ni jumla yake, jouli 8,730.

Njia ya pili ni kuiacha itanuke polepole ndani ya maji mengi ya nyuzi 27, ili kila ikitaka kupoa, maji yaipe hari. Halijoto haibadiliki, hivyo nishati ya ndani haibadiliki. Gesi imefanya kazi ya jouli 1,729, na hari iliyoingia ni jouli 1,729 zile zile. Hapa pana somo kwa wale wanaodhani kwamba kila kilichopewa hari hupanda halijoto: gesi hii imepokea hari nyingi, na kipimajoto hakikusogea hata unywele.

Njia ya tatu ni kuifunika kwa kitu kisichopitisha hari, kisha iachwe isukume pistoni polepole. Haina wa kumpa hari, basi kazi yote huilipia kutoka katika hazina yake: yatoa jouli 1,510, na halijoto yashuka hadi kelvini 227, yaani nyuzi 46 chini ya sifuri. Na hapa pana somo la kinyume: gesi imepoa sana, na hakuna aliyeinyang'anya hari hata chembe.

Njia ya nne ni ile ya Joule: gesi yaachiwa ghafula iingie penye utupu. Haikusukuma kitu, haikupewa kitu. Kazi ni sifuri, hari ni sifuri, badiliko la nishati ya ndani ni sifuri.

Itazamwe sasa njia ya pili na ya nne zikiwa pamoja. Gesi hizi mbili zilianza sawa na zimeishia sawa: ujazo ule ule, halijoto ile ile, kanieneo ile ile. Aletwe mtaalamu yeyote, na vyombo vyovyote, hataweza kusema ni ipi iliyopokea hari jouli 1,729 na kuzilipa kwa kazi, na ni ipi isiyopokea wala kulipa. Mtu aliyepokea hiba leo na ujira kesho, fedha zikishaingia kibindoni, hawezi kuitoa shilingi moja akasema hii ni hiba na hii ni ujira. Hiba na ujira ni majina ya namna fedha zilivyopita mkononi, si majina ya fedha zilizomo. Hali kadhalika hari na kazi: ni majina ya njia za kupita. Kilichomo ndani ya gesi ni nishati ya ndani, na kusema kwamba gesi ina hari nyingi ni kusema neno lisilokuwa na maana katika elimu hii.

Kutoka katika msingi huo twafahamu kwa nini gesi ina viwango viwili vya hari. Hewa ikifungiwa isitanuke, moli moja huhitaji jouli 20.8 ili ipande kelvini moja. Ikiachwa itanuke kwa kanieneo isiyobadilika, huhitaji jouli 29.1. Tofauti yake ni 8.3, namba ile ile ya kanuni ya gesi, nayo ndiyo ile ziada ambayo Mayer aliitambua kuwa ni malipo ya kazi. Mgawanyo wa namba hizo mbili ni 1.4, na namba hii ndogo imetatua mushkili mkubwa. Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alikadiria kasi ya sauti kwa kuchukulia kwamba hewa inaposhindiliwa na wimbi halijoto yake haibadiliki. Kwa hewa ya nyuzi 20 hesabu hiyo hutoa mita 290 kwa sekunde, ilhali sauti huenda mita 343. Mnamo mwaka 1816 Laplace alionyesha kwamba mawimbi ya sauti hupita upesi hata hari haipati nafasi ya kuhama, na hewa hupata moto inaposhindiliwa kama ile ya pampu. Kwa hiyo hesabu ya Newton ikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha 1.4, namba mbili hupatana. Sauti ya adhana itufikiayo kutoka mnarani huja kwa kasi ya njia ya tatu, si ya njia ya pili.

Njia hiyo ya tatu ndiyo iendeshayo mvua za milima yetu. Upepo utokao Bahari ya Hindi ukikuta milima ya Usambara au mteremko wa kusini wa Kilimanjaro hulazimika kupanda. Juu kanieneo ni ndogo, hewa hutanuka, na katika kutanuka huisukuma hewa iliyoizunguka. Kazi hiyo hulipiwa kutoka ndani, na hewa kavu hupoa nyuzi 9.8 kwa kila mita 1,000 ipandazo. Hewa ya nyuzi 30 pwani, ikipanda mita 2,000 ikiwa bado kavu, ingefika nyuzi 10 tu. Ikiwa imebeba mvuke, hupoa mpaka mvuke ugeuke mawingu na matone. Na mvuke unapogeuka maji hutoa hari, hata hewa ikaendelea kupanda ikipoa kwa upole zaidi. Upande wa pili wa mlima hewa hushuka, hushindiliwa, hupata moto, na mawingu hutoweka. Ndiyo maana miteremko ya kusini ya Kilimanjaro ni ya migomba na kahawa, na upande wa kaskazini ni mkavu.

Mashine ya Rudolf Diesel, iliyofanya kazi kwa ufanisi huko Augsburg mwaka 1897, ni pampu ya fundi iliyotiwa nguvu. Hewa yake ikishindiliwa hadi sehemu moja ya 16 ya ujazo wake, kwa hesabu ya gesi kamilifu halijoto hupita nyuzi 600, na mafuta yakinyunyizwa huwaka yenyewe bila ya cheche. Kila lori lipandalo mlima kwa dizeli hubeba ushahidi kwamba kazi yaweza kupandisha halijoto bila ya msaada wa hari.

Insafu yataka pia tutaje mipaka. Gesi za kweli zina mvutano kidogo baina ya molekuli zao, na kuanzia mwaka 1852 Joule pamoja na William Thomson walionyesha kwamba zikipitishwa katika kizuizi chenye vinyweleo, nyingi hupoa kidogo; upungufu huo mdogo wa ukamilifu ndio ulioleta njia ya kuigeuza hewa kuwa kimiminiko. Tena kanuni hii yahesabu kiasi, haihukumu mwelekeo: gesi iliyoingia penye utupu hairudi yenyewe katika chombo chake cha kwanza, ijapokuwa hesabu ya nishati isingekataza kurudi kwake. Hukumu ya mwelekeo ni ya kanuni ya pili, ambayo mbegu yake ilipandwa na Sadi Carnot mwaka 1824.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa elimu hii, na waandishi wa vitabu vyake kwa Kiswahili, wasiache neno joto libebe mizigo yote mitatu. Mwanafunzi akifundishwa tangu siku ya kwanza kuuliza maswali matatu, hari kiasi gani imeingia, kazi kiasi gani imetoka, na hazina imebaki na nini, hatahitaji kukariri njia nne wala kumi. Na kwa mwenye kutaka kuanza leo, chombo kipo kwa fundi yeyote wa baiskeli: apige pampu gurudumu likiwa limeungwa, apige tena likiwa limechomolewa, kisha aguse.